Somo la uraia Marekani: Nani ana haki ya kuutoza mzigo wako mpakani?

Lori linalopakia machungwa California, magharibi mwa Marekani, na kuyapeleka New York husafiri karibu kilomita 4,500 na kukatiza majimbo kama kumi. Njiani litapita kwenye mizani, na dereva akisimamishwa na polisi ataonyesha leseni yake. Lakini hakuna mpaka hata mmoja wa jimbo ambapo atamkuta afisa wa forodha akidai ushuru, wala foleni ya siku mbili ya kusubiri muhuri.

Kwa mfanyabiashara anayevusha mahindi Busia, vitunguu Namanga au dagaa Gatumba, hilo ni jambo la kutamaniwa. Kwa mwanafunzi wa sekondari nchini Marekani, ni swali la darasani. Kwa nini jimbo la New Jersey haliwezi kulitoza lori hilo ushuru wa kupita? Nani alilikataza, lini, na kwa sababu gani?

Swali hilo limo katika somo la Serikali ya Marekani, ambalo ndilo somo la uraia kwa vijana wa sekondari. Wengi hulisoma wakiwa darasa la 12, mwaka wa mwisho kabla ya kumaliza shule. Humo hujifunza Katiba, mihimili mitatu ya dola, uchaguzi, mahakama na haki za raia. Ndipo pia wanapokaribia umri wa miaka 18, ambao tangu Marekebisho ya 26 ya Katiba mwaka 1971 ndio umri wa kupiga kura nchi nzima.

Ni somo lenye mengi, lakini sehemu yake inayohusu biashara kati ya majimbo inawagusa moja kwa moja watu wa Afrika Mashariki wanaoishi kwa kuvusha mizigo.

Majimbo yalipokuwa yakitozana

Wanafunzi huanza na kosa la kwanza la taifa hilo. Baada ya kujitenga na Uingereza, majimbo 13 yaliungana chini ya mkataba ulioanza kutumika mwaka 1781. Mkataba huo uliunda Bunge la pamoja, lakini Bunge lenyewe halikuwa na uwezo wa kutoza kodi wala kusimamia biashara kati ya jimbo na jimbo. Kila jimbo lilibaki na mfuko wake na sheria zake za ushuru.

Matokeo yake hayahitaji maelezo mengi kwa mtu aliyewahi kukaa boda. Jimbo la New Jersey halikuwa na bandari kubwa, kwa hiyo bidhaa zake nyingi kutoka ng'ambo zilipitia New York upande mmoja na Philadelphia upande wa pili. Kote kuwili ushuru ulikusanywa, na mwananchi wa New Jersey ndiye aliyeubeba ndani ya bei ya dukani. James Madison, mmoja wa waliotunga Katiba na baadaye rais wa nne, aliifananisha New Jersey na pipa lililotobolewa pande zote mbili.

New York ilifika mahali pa kuzitoza hata mashua zilizoleta bidhaa kutoka majimbo jirani ya New Jersey na Connecticut. New Jersey nayo ikalipiza kisasi. Mnara wa taa wa kuongozea meli zinazoingia bandari ya New York ulikuwa Sandy Hook, kwenye ardhi ya New Jersey, basi jimbo hilo likautoza kodi mnara wenyewe.

Septemba 1786, wajumbe 12 kutoka majimbo matano walikutana mjini Annapolis, Maryland, kutafuta suluhu ya ugomvi huo wa biashara. Walikuwa wachache mno kuamua lolote. Walichofanya ni kuitisha mkutano mkubwa zaidi mjini Philadelphia mwaka uliofuata, na huko ndiko Katiba ya Marekani ilikoandikwa na kutiwa saini tarehe 17 Septemba 1787. Mwanafunzi anayefuatilia mlolongo huo huona kwamba kikao kilichoandaa njia ya Katiba kilikuwa kikao cha mambo ya biashara na ushuru.

Vifungu vilivyotokana na ugomvi huo viko katika Ibara ya Kwanza. Sehemu ya 8 inalipa Bunge la taifa mamlaka ya kusimamia biashara na nchi za nje, biashara kati ya majimbo na biashara na makabila ya wenyeji wa asili. Sehemu ya 9 inakataza kodi juu ya bidhaa zinazotoka katika jimbo lolote. Sehemu ya 10 inayanyima majimbo ruhusa ya kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia au kutoka, isipokuwa kwa kibali cha Bunge, au kiasi kinachohitajika tu kugharimia ukaguzi.

Mwenye meli aliyekwenda mahakamani

Sheria iliyo kwenye karatasi ni jambo moja na kuheshimiwa kwake ni jambo jingine. Kwa hiyo walimu wengi hufika kwenye kesi ya Gibbons dhidi ya Ogden, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1824.

Jimbo la New York lilikuwa limewapa wawekezaji wawili, Robert Livingston na Robert Fulton, haki ya peke yao ya kuendesha meli za mvuke katika maji ya jimbo hilo. Aaron Ogden akapata leseni yake chini ya ukiritimba huo. Thomas Gibbons alikuwa akiendesha meli zake kutoka New Jersey hadi New York bila kibali cha New York. Alichokuwa nacho ni leseni ya serikali ya taifa, iliyotolewa chini ya sheria ya mwaka 1793 ya meli za pwani. Ogden alimshtaki, na mahakama za New York zikamzuia Gibbons kuingia.

Gibbons alikata rufaa. Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu John Marshall ikaamua kwamba usafiri wa majini kati ya jimbo na jimbo ni sehemu ya biashara, na kwamba leseni ya taifa ina nguvu kuliko ukiritimba wa jimbo. Njia ya maji ikafunguka kwa kila mwenye meli.

Wanafunzi huambiwa wazitazame karatasi za pande zote mbili. Ogden alikuwa na leseni halali iliyotoka kwa serikali ya jimbo, na Gibbons alikuwa na yake iliyotoka ngazi ya juu zaidi. Ugomvi haukuwa juu ya nani ana karatasi na nani hana, bali juu ya karatasi ipi ina mamlaka mahali hapo. Kifungu cha mwaka 1787 kilikuwepo kwa zaidi ya miaka 35, na bado alihitajika mfanyabiashara mmoja wa kukipeleka mbele ya majaji.

Maziwa, samaki wa chambo na vyumba vya hoteli

Je, jimbo haliwezi kabisa kuzuia bidhaa ya jirani? Linaweza, lakini kwa sababu za kweli. Kesi mbili zinaonyesha mpaka uko wapi.

Mji wa Madison, katika jimbo la Wisconsin, uliweka sheria kwamba maziwa yasiuzwe mjini kama maziwa yaliyochemshwa kuua vijidudu, isipokuwa yawe yameandaliwa katika kiwanda kilichoidhinishwa kilicho ndani ya maili tano kutoka katikati ya mji. Kampuni moja iliyoleta maziwa kutoka Illinois ilipinga. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo. Mji ulidai unalinda afya, lakini kulikuwa na njia nyingine za kuhakikisha maziwa ni salama, kama kuwatuma wakaguzi viwandani na kuwatoza wenye viwanda gharama hiyo, bila kuwafungia mlango wauzaji wa nje.

Kinyume chake, mwaka 1986 mahakama hiyohiyo iliiruhusu Maine kuzuia samaki hai wa chambo kutoka majimbo mengine. Maine ilionyesha kwamba samaki hao wangeweza kuleta vimelea katika maji yake, na kwamba hapakuwa na njia nzuri ya kuwapima. Hadi leo California ina vituo vya kukagua matunda na mimea kwenye barabara zinazoingia jimboni, kwa ajili ya kuzuia wadudu waharibifu. Kukagua kunaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kuifanya afya kisingizio cha kumlinda muuzaji wa nyumbani.

Kifungu hicho cha biashara kilifanya kazi nyingine ambayo waandishi wake wa mwaka 1787 hawakuitarajia. Walimu hawafichi kwamba Katiba hiyohiyo ililivumilia soko la binadamu, na kwamba ililizuia Bunge kupiga marufuku uingizaji wa watumwa hadi mwaka 1808. Hata karne moja baada ya utumwa kukomeshwa, msafiri mweusi katika majimbo ya kusini aliweza kunyimwa chumba au sahani ya chakula kwa sababu ya rangi yake. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilikataza ubaguzi huo katika hoteli na migahawa. Hoteli moja ya Atlanta ilikwenda mahakamani kuipinga. Ilishindwa, kwa sababu wageni wake wengi walitoka majimbo mengine, hivyo kuwafungia mlango watu weusi kulikuwa kuzuia mwendo wa watu na biashara kati ya majimbo.

Nguvu ya kifungu hicho ina kikomo pia. Mwaka 1995, katika kesi ijulikanayo kama Lopez, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba Bunge la taifa haliwezi kutumia mamlaka yake juu ya biashara kukataza bunduki karibu na shule, kwa kuwa kubeba bunduki shuleni si biashara. Mshtakiwa alikuwa mwanafunzi wa darasa la 12 huko San Antonio, Texas. Kesi hiyo imo katika orodha ya kesi za lazima kwa wanaosoma somo la Serikali kwa kiwango cha juu kinachotambuliwa na vyuo vikuu.

Kila jimbo na mtaala wake

Hakuna mtaala mmoja wa uraia kwa Marekani nzima. Katiba haitaji elimu, kwa hiyo kazi hiyo imebaki kwa majimbo 50, na chini yake maelfu ya bodi za shule za wilaya. California inataka nusu mwaka wa somo la Serikali. Illinois ilipitisha sheria mwaka 2015 ya kulifanya somo la uraia la nusu mwaka kuwa la lazima sekondari. Arizona, mwaka huohuo, ilikuwa ya kwanza kuamua kwamba mwanafunzi hamalizi sekondari bila kufaulu mtihani uliotokana na maswali ya wageni wanaoomba uraia.

Massachusetts ilichukua njia tofauti. Sheria yake ya mwaka 2018 inataka wanafunzi wafanye mradi wa kiraia, mara moja wakiwa darasa la 8 na mara nyingine sekondari. Wanachagua tatizo la mahali wanapoishi, wanatafuta ni ofisi ipi yenye mamlaka juu yake, kisha wanaiandikia au kwenda kuongea nayo.

Kutafuta ofisi ndiko kugumu. Kivuko cha watembea kwa miguu kilichofutika rangi chaweza kuwa cha mji, cha kaunti au cha jimbo, kulingana na barabara. Akiiandikia ofisi isiyohusika, kijana hupoteza muda wake. Walimu wengine hutumia bunge la kuigiza au kesi ya kuigiza, ambapo kundi moja humtetea Ogden na jingine Gibbons. Upo pia mpango wa kitaifa, ulioanza mwaka 1987, ambamo wanafunzi hukaa mbele ya jopo la watu wazima na kuhojiwa juu ya Katiba kana kwamba wako mbele ya kamati ya Bunge.

Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, alianzisha shirika la iCivics mwaka 2009 baada ya kustaafu. Linatoa bure michezo ya kompyuta na masomo ya uraia kwa shule. Aliamini kwamba mahakama haziwezi kulindwa na watu wasiojua kazi yake.

Somo lenyewe linayumba

Pamoja na yote hayo, hali si nzuri. Katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 22 tu ya wanafunzi wa darasa la 8 walifikia kiwango cha umahiri katika uraia, na wastani wa alama ulishuka kwa mara ya kwanza tangu upimaji wa sasa uanze mwaka 1998. Watu wazima nao hawako mbali. Mwaka 2016, kituo cha Annenberg cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilipouliza mihimili mitatu ya dola ni ipi, ni asilimia 26 tu walioitaja yote. Majibu yamekuwa bora miaka ya karibuni, lakini mwaka 2024 bado karibu mtu mmoja kati ya watatu alishindwa kuitaja yote mitatu.

Sababu moja ni vipaumbele. Sheria ya elimu iliyotiwa saini mapema mwaka 2002 ilizipima shule kwa kusoma na hisabati, na shule zikahamishia muda huko. Ripoti ya wataalamu ya mwaka 2021 ilieleza kwamba serikali ya taifa ilikuwa ikitumia kama dola 50 kwa mwanafunzi kila mwaka kwa masomo ya sayansi, teknolojia na hisabati, na senti 5 kwa uraia.

Sababu nyingine ni woga. Vyama vikubwa viwili vinavutana juu ya nini kifundishwe kuhusu utumwa, rangi na uchaguzi, na tangu mwaka 2021 majimbo kadhaa yametunga sheria zinazobana mijadala ya aina hiyo darasani. Mwalimu anayeogopa lawama ya mzazi hukimbilia kukaririsha tarehe na majina, na swali la nani ana mamlaka gani hubaki bila kuulizwa.

Huko Rhode Island, wanafunzi walikwenda mahakamani mwaka 2018 wakidai kwamba Katiba inawapa haki ya kufundishwa uraia wa kutosha kuweza kupiga kura na kukaa kwenye baraza la wazee wa mahakama. Mwaka 2020 jaji wa shirikisho alisema Katiba haina haki hiyo, ingawa alikubali kwamba tatizo lao ni la kweli. Rufaa nayo ilishindwa mwaka 2022. Hata hivyo, baadaye mwaka huo waliafikiana na idara ya elimu ya jimbo kuunda kikosi cha kuboresha somo hilo. Walishindwa kesi, lakini walijua mlango wa kugonga.

Katika madarasa hayo wamo pia vijana wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Kwa miaka kadhaa Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokewa Marekani, na watoto wa familia hizo huketi katika somo la Serikali pamoja na wenzao waliozaliwa huko. Wazazi wao, wakiomba uraia, hukutana na maswali ya aina ileile. Katika mtihani uliotumika tangu mwaka 2008, mwombaji alisoma maswali 100, akaulizwa hadi 10, na alitakiwa kujibu 6. Mara nyingi mtoto ndiye humsomesha mzazi mezani jioni.

Gibbons wa Afrika Mashariki

Jumuiya ya Afrika Mashariki si nchi moja, na Mkataba wake, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, si katiba ya dola. Hata hivyo swali la mamlaka ni lilelile. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwaka 2010, na kila nchi iliyoingia ilikubali kuacha sehemu ya uhuru wake wa kutoza na kuzuia bidhaa za jirani.

Mahakama ipo pia. Ibara ya 30 ya Mkataba inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu au kampuni, kupinga mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki sheria, kanuni au uamuzi wa serikali unaokiuka Mkataba. Sharti afanye hivyo ndani ya miezi miwili tangu uamuzi utolewe au tangu aujue. Muda huo ni mfupi, na wengi huujua ukiwa umeshapita.

Mwaka 2019, kitengo cha kwanza cha mahakama hiyo kiliamua kesi ya kampuni ya sigara, British American Tobacco Uganda, dhidi ya serikali ya Uganda. Sheria ya Uganda ilikuwa ikizitoza sigara zilizotengenezwa Kenya kodi kubwa kuliko za nyumbani, kana kwamba zimetoka nje ya Jumuiya. Mahakama ilisema hilo linakiuka Mkataba. Majaji wa Marekani wangeitambua kesi hiyo haraka, maana ni jamaa wa kesi ya maziwa ya Madison.

Kampuni kubwa ina mawakili. Mama mwenye magunia matatu ya maharage hana, lakini ana kanuni iliyoandikwa kwa ajili yake. Bidhaa zilizotengenezwa au kuzalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa palepale mpakani, bila kulipiwa ushuru wa forodha. Ada na kodi nyingine za ndani zaweza kubaki, na ukaguzi wa afya na ubora bado upo. Lakini anayejua kutenganisha vitu hivyo vitatu huweza kumuuliza afisa: hii ninayolipa ni ushuru, ni kodi ya ndani, au ni gharama ya ukaguzi? Na risiti yake iko wapi?

Hilo ndilo zoezi ambalo mwalimu mzuri wa uraia nchini Marekani humpa kijana wa darasa la 12. Hamtaki akariri Katiba yote. Humwonyesha anayetoza au kuzuia, kisha humtaka ataje vitu vitatu: ofisi yake, kifungu kinachompa mamlaka, na mahali pa kulalamika akivuka mpaka wake. Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye boda, ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ungefaa uwe na majibu ya maswali hayo matatu.